Tudege twa Kituku: namna ya kutofautisha ndege wadogo wanaofanana

Asubuhi pale Kituku, mitumbwi ya sambaza ikirudi na boti za Minova na Idjwi zikishusha mizigo, ndege wadogo wanazunguka katikati ya watu bila woga. Wengi wetu tunawaita wote jina moja: tudege. Na akiwa wa njano, basi, "ni ule mwizi wa mtama". Shida ni kwamba mwizi ni mmoja, lakini wanaopigwa mawe ni wengi. Mtoto mwenye manati hachagui, na anayeanguka anaweza kuwa yule aliyekuwa anakula viwavi kwenye maharage ya mama yake.

Tuanze na hao wa njano, maana ndio wanachanganya watu zaidi.

Anayejulikana sana ni yule anayesuka viota vingi kwenye mti mmoja, kelele kutwa nzima. Kiswahili cha pwani kinawaita ndege wa jamii yake mnana ama kwera. Vitabu vya Kifaransa vinamwita huyu tisserin gendarme, na jina lake la kisayansi ni Ploceus cucullatus. Dume ana kichwa cheusi, koo jeusi linaloshuka kifuani kama ncha, na jicho jekundu. Huyu kweli anapenda nafaka, na mdomo wake mnene umetengenezwa kwa kazi ya kuvunja mbegu. Lakini hata yeye analisha watoto wake wadudu.

Anayepigwa bure ni ndugu yake, Ploceus baglafecht. Kwa mbali utasema ni yuleyule. Angalia koo: hapa kwetu koo lake ni la njano, weusi unabaki juu ya kichwa na kwenye mashavu. Angalia jicho: limepauka, halina wekundu. Tena hapendi makundi. Utawaona wawili wawili, dume na jike, na kiota chao peke yake. Jike wake naye ana kichwa cheusi, wakati jike wa gendarme ni wa njano hafifu iliyochanganyika na kijani, mwenye michirizi mgongoni. Chakula cha baglafecht ni wadudu zaidi, anawatafuta chini ya majani na kwenye matawi. Kwa hiyo mti wenye viota ishirini vinavyoning'inia, huyo si yeye.

Kuna mtego mmoja: dume wa gendarme anaweza kubadilisha manyoya baada ya msimu wa kuzaa, akapoteza weusi wake na kufanana na jike. Wakati huo rangi haisaidii kitu. Rudi kwenye mdomo. Mdomo mnene wenye umbo la pembe ni wa mla mbegu; mdomo mwembamba kama sindano ni wa mla wadudu ama mnyonya maua. Mimi naona hii alama moja ina faida kuliko rangi zote, kwa sababu haibadiliki na msimu.

Ukitumia kanuni hiyo utamtambua mara moja yule mdogo kabisa, wa njano na kijani, mwenye duara nyeupe kuzunguka jicho kama amevaa miwani. Ni Zosterops. Wanatembea kikundi kwenye miparachichi na mikalitusi, wanaitana kwa sauti nyororo, wanaokota wadudu wadogo mmoja mmoja. Mtama haumhusu.

Anayefanana naye ni mgeni. Kati ya Septemba ama Oktoba na Aprili anafika ndege mwembamba wa kijani kilichofifia, mwenye mstari wa njano juu ya jicho lakini bila ile duara. Ni Phylloscopus trochilus. Ana uzito wa gramu 10 hivi, na anatoka Ulaya ama Siberia kwa mabawa yake mwenyewe. Huko kwao wanaofanana naye waliwasumbua hata wataalamu: katika karne ya 18, mchungaji Mwingereza Gilbert White alitambua kwamba ndege waliodhaniwa kuwa wa aina moja walikuwa aina tatu, na kilichomfungua ni sauti zao.

Sasa tushuke kwenye mawe ya ufuko. Wale wanaotikisa mkia kati ya mitumbwi nao si wa aina moja. Mweusi kwa mweupe safi, mwenye mstari mweupe mpana juu ya jicho na ukanda mweusi kifuani, ni Motacilla aguimp, ndege wa watu na majumba. Mwenye mgongo wa kijivu cha udongo na ukanda mwembamba ni Motacilla capensis. Yupo wa tatu, wa kijivu safi na mkia mrefu zaidi, Motacilla clara, lakini huyo anataka mito yenye maji ya kasi, na Goma yetu ya mawe ya volkano haina mito. Mtafute kule Masisi. Wa tumbo la njano anayefuata ng'ombe malishoni ni mgeni wa kutoka kaskazini, Motacilla flava.

Kwa mbayuwayu wanaopita juu ya maji, tazama kifua. Mgeni wa kutoka Ulaya ana ukanda mweusi mzima chini ya koo jekundu, na tumbo jeupe. Mwenyeji, Hirundo angolensis, wekundu wake unashuka hadi kifuani, ukanda umekatika, na tumbo ni la kijivu.

Orodha ni ndefu kwa sababu tunaishi kwenye bonde la ufa, ambako milima, misitu na ziwa vimekaribiana. Virunga peke yake, hifadhi iliyoanzishwa mwaka wa 1925, ina aina zaidi ya 700 za ndege.

Ukitaka kujua uliyemwona, usikimbilie kutaja rangi. Mpime kwanza na shomoro wa paani: ni mkubwa, sawa, ama mdogo kuliko yeye? Halafu tazama mdomo, koo, jicho, yuko peke yake ama na kundi. Telefone ikiwa na chaji, rekodi sauti hata kama picha imekataa. Na wanaolinda mtama ama mpunga wafukuze kwa kelele za debe na kamba zenye vitambaa: gendarme atatoka shambani, baglafecht atarudi kwenye viwavi vyake.