Kuzikwa na Kufukiwa: Istilahi za Umri wa Matabaka ya Miamba

Katika kuunda istilahi za jiolojia, dhana mbili za umri hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni umri linganishi, yaani kujua tabaka lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Ya pili ni umri wa miaka, unaotajwa kwa tarakimu. Ya kwanza ndiyo iliyotangulia katika historia ya elimu hii, nayo humtaka mfasiri awe mwangalifu zaidi.

Msingi wake uliwekwa na Nicolaus Steno, mzaliwa wa Denmark aliyefanya utafiti wake Italia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1669. Alieleza kwamba mashapo hutua tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo, mahali ambapo miamba haikupinduliwa, tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu. Aidha, kinachokata tabaka, kama vile ufa, kilitokea baada ya tabaka lenyewe. Baadaye William Smith, mpimaji wa mifereji nchini Uingereza, alitambua kuwa matabaka huweza kujulikana kwa visukuku vyake, ambavyo hufuatana kwa utaratibu ule ule kila mahali. Mwaka 1815 alichapisha ramani kubwa ya miamba iliyotokana na maarifa hayo.

Kanuni hizi zilijaribiwa vikali katika Bonde la Olduvai, Tanzania. Mwaka 1913, nchi ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani, Hans Reck aliyahesabu matabaka ya bonde hilo kuanzia chini, kisha akapata kiunzi cha mifupa ya binadamu ndani ya tabaka la pili. Aliamini kwamba mtu huyo aliishi wakati tabaka hilo lilipokuwa likitandazwa. Mwaka 1931 Louis Leakey, aliyefika huko pamoja naye, alikubaliana naye. Lakini udongo ulioizunguka mifupa ulipochunguzwa, ulikutwa na vijiwe vyekundu vinavyofanana na vya tabaka la tatu, pamoja na vipande vya chokaa visivyopatikana katika tabaka la pili. Mwaka 1933 watafiti hao walikiri kwamba mifupa iliingia baadaye: kaburi lilikuwa limechimbwa katika tabaka kongwe. Kanuni ya Steno haikukosea. Kilichosahauliwa ni kwamba kaburi nalo hukata tabaka, kama ufa.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao mfasiri hapaswi kuupoteza. Neno moja la Kiingereza hutumika kwa maiti aliyewekwa kaburini na kwa mnyama aliyefunikwa na tope la ziwa. Sisi twasema wa kwanza amezikwa, wa pili amefukiwa. Kilichofukiwa na mashapo kina umri wa tabaka lake. Kilichozikwa ni kichanga kuliko tabaka linalokihifadhi. Atakayeandika kwamba mifupa ya Olduvai ilifukiwa atakuwa amerudisha kosa lililosahihishwa mwaka 1933.

Vivyo hivyo, si sahihi kutaja miaka pale ambapo mwandishi alizungumzia mfuatano tu. Miaka ya tabaka la kwanza la Olduvai ilijulikana mwaka 1961, majivu ya volkano yalipopimwa kwa njia ya potasiamu na agoni, ikapatikana takriban milioni 1.75. Mfuatano wa matabaka ulikuwa umekwisha kujulikana karibu miaka 50 kabla. Walimu na wafasiri wakizishika tofauti hizi mbili, mwanafunzi atasoma mwamba kama ulivyo.