HISTORIA YA UYOGA NA SANDUKU LETU

Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumeona tuandike habari za uyoga, maana hisa nyingi zilizomo kwenye sanduku letu zimetoka huko.

Huku kwetu Iringa uyoga si kitu kigeni. Mvua zikianza, mama zetu walikuwa wanaingia kwenye miombo na kurudi na vikapu vimejaa. Mwingine waliuchuma kwenye vichuguu. Wazee walisema uyoga ni zawadi ya mvua, haupandwi. Kumbe mchwa wanaulima siku zote! Ndani ya kichuguu wana bustani ya uyoga, na kichuguu kinalinda joto na unyevu, nje kuwe na jua kali au baridi.

Binadamu naye alijifunza hivyo hivyo. Kule Ufaransa wakulima wa mboga wa Paris walikuwa wakiotesha uyoga kwenye samadi ya farasi, na mwaka 1707 mtaalamu Tournefort alieleza kazi hiyo. Karne ya 19 waliuingiza kwenye machimbo ya mawe chini ya ardhi. Hawakufuata giza. Walifuata ubaridi na unyevu usiobadilika mwaka mzima. Kule Ujerumani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chakula kilipokuwa shida, mtaalamu Richard Falck aliotesha uyoga kwenye visiki vya miti, akaandika habari zake mwaka 1917. Ni aina hii hii ya mamama tunayolima sisi.

Sisi tulianza na mabua ya mahindi. Tuliyakatakata, tukayaloweka, tukayachemsha, yakipoa tukayajaza kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu. Msimu wa mvua tulivuna vizuri. Lakini Oktoba joto lilipanda, upepo mkavu ukavuma, vitoto vya uyoga vikakauka vikiwa kama vichwa vya kiberiti. Wenzetu walikuwa wamekopa kununua mbegu, na siku ya rejesho ilikuwa inakaribia. Wengine walisema basi, tuachane na uyoga.

Tukakaa kikao, halafu tukatembelea banda moja baada ya jingine. Kwenye mabanda ya bati yaliyokuwa juani mifuko ilikuwa imekauka. Kwa mwenzetu mmoja, mwenye banda la nyasi chini ya mti na sakafu ya mchanga anayoimwagia maji, uyoga ulikuwa unatoka kama kawaida. Mbegu ni zile zile, mabua ni yale yale. Tofauti ilikuwa nyumba.

Tangu hapo tunashika mambo haya:

1. Joto. Utando mweupe unatembea vizuri kwenye nyuzijoto 20 hadi 28. Wakati wa kutoa uyoga unataka ubaridi kidogo, 15 hadi 25.

2. Unyevu wa hewa, asilimia 80 hadi 90. Mwaga maji sakafuni na kutani, wala usiiloweshe mifuko ikaoza.

3. Hewa safi. Ikikosekana, shingo inarefuka na kofia inabaki ndogo.

4. Mwanga kidogo, wa kutosha kusoma barua. Jua lisiingie.

5. Usafi. Mfuko wenye ukungu wa kijani utolewe upesi, usiambukize mingine.

Ndiyo maana siku hizi mwanachama akiomba mkopo wa uyoga tunakwenda kwanza kuliona banda lake. Wapo wanaonung'unika kuwa tunawabana. Jamani, fedha ile ni ya wote, kuna humo ada ya mtoto wa mwenzio. Banda likiwa zuri, tunavuna hata kiangazi, wakati porini hakuna kitu na wateja wanautafuta, na rejesho linafika siku yake.

Karibuni mabandani mjionee wenyewe. Umoja ni nguvu.