Milango ya Shule Katika Mitaa Yetu ya Eastlands

Tangu mtaa wa Pumwani ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao ya Waafrika mjini Nairobi, na baada yake Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na mingineyo, wazazi wa huku mashariki wameuliza swali moja: Mtoto wetu atapokewa na shule gani? Yafaa sisi wanachama, pamoja na wazee wetu, tukumbuke jinsi swali hilo lilivyojibiwa zamani, maana jibu la leo latokana na lile.

Katika zama za ukoloni mtoto alitazamwa kwanza rangi yake. Wazungu, Wahindi na Waafrika walikuwa na shule zao mbalimbali, wala fedha za Serikali hazikugawanywa sawasawa. Tena, baada ya taarifa ya kamati ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne, akafanya mtihani. Asiyefaulu aliishia hapo, na umri wake haujatosha kazi yoyote.

Kisha ikaja dhiki ya Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Baba alipopelekwa kizuizini, pengine mtoto alibaki njiani. Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, mwezi wa Novemba 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe, karibu na Kariokor. Walianza na wavulana 17 na mabanda mawili ya bati.

Lililo kubwa kwetu si mabati yale, bali desturi zilizofuata. Mtoto wa maskini alisoma bila karo, na mwana wa mwenye uwezo alilipiwa. Wote wakavaa sare moja. Tena liliwekwa baraza ambamo mwanafunzi aliweza kueleza mbele ya mkuu wake jambo lililomchoma moyo. Haki ilifundishwa kwa kutendwa. Lakini tuseme kweli: nafasi zilikuwa chache, na za wavulana tu, kituo cha wasichana kilifunguliwa mwaka 2005.

Ubaguzi wa rangi ulipingwa na Tume ya Ominde mwaka 1964. Karo nayo iliondolewa mwaka 1974 katika madarasa manne ya kwanza, na mwaka 2003 katika shule ya msingi yote. Watoto wakamiminika hata madarasa yakafurika. Na huko Mathare na Korogocho wengi waliendelea kusoma katika shule ndogo za kulipia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imeifanya elimu ya msingi kuwa haki ya kila mtoto, bila malipo.

Umebaki mlango mmoja, nao ufunguo wake umo mkononi mwa mwalimu. Mtoto asiyesikia vizuri aliyeketishwa nyuma, msichana aliyerudi baada ya kuzaa akachekwa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare: hao wamo katika daftari la shule, lakini darasani hawamo. Sheria haiwezi kumketisha mtoto mbele, mwalimu aweza.

Wala tusimwachie mwalimu peke yake, kwani mkono mmoja haulei mwana. Twendapo kwenye mikutano ya wazazi, tusiulize tu ni wangapi waliofaulu. Tuulize pia ni nani hayupo, na kwa nini.