Alama za Bastola ya Zamani

Wapo wanaoamini kwamba bastola ikishafikisha miaka mia moja basi ni mali, na kinachobaki ni kumtafuta Mzungu wa kuinunua. Si hivyo. Ipo bastola ya mwaka 1916 ambayo wakusanyaji wa Uingereza na Marekani wataigombania, na ipo pacha wake wa kiwanda kilekile na mwaka uleule ambayo wataigeuza mara moja mkononi na kuirudisha mezani.

Tuchukue Webley, iliyotengenezwa Birmingham. Jeshi la Kiingereza liliipokea 1887, na toleo lake la sita, lililopitishwa 1915, lilienea kuliko yote. Baadhi ya maofisa waliomfukuza von Lettow-Vorbeck katika nchi zetu hizi mpaka Novemba 1918 walikuwa nayo kiunoni.

Mjuzi haanzi kwa kuuliza bei. Husoma. Toleo limeandikwa kwenye ukanda wa chuma ulio juu ya silinda, na mwaka umegongwa ubavuni. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Kiingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha maana yake serikali iliiuza kihalali. Kisha hutazama kama namba ya silinda inalingana na ya kiunzi. Toleo la sita lina kitako cha pembe. Yaliyotangulia yana kitako cha mviringo.

Ofisa wa Kiingereza alijinunulia bastola yake mwenyewe, mradi itumie risasi za jeshi. Kwa hiyo nyingine zina jina la duka, au la mwenyewe. Jina likipatikana katika kumbukumbu za jeshi, bei hupanda sana. Nao matapeli wanalijua hilo, na kuchora jina si kazi ngumu.

Lakini jambo lililoharibu Webley nyingi kuliko kutu ni risasi. Risasi yake ni ya .455, fupi na nene, yenye ukingo kitakoni na nguvu ndogo ya baruti. Baada ya Vita Kuu ya Pili bastola hizi ziliuzwa kwa wingi Marekani, ambako risasi hiyo ilikuwa adimu, ila ya .45 ya bastola ya Colt ilijaa kila duka. Mafundi wakanoa mgongo wa silinda ili risasi ya Colt, isiyo na ukingo, iingie kwa kushikwa na kibanio cha risasi tatu tatu. Ikaingia, na ikalia. Lakini msukumo wa risasi hiyo ni mkubwa mno kuliko ule iliotengenezewa Webley, na zipo silinda zilizopasuka mikononi mwa watu. Bastola iliyonolewa hujulikana: mara nyingi namba iliyo ukingoni mwa silinda imekatwa kipande.

Adui wa pili ni msasa. Mtu anairithi, anataka ing'ae, anaisugua mpaka mshale, mwaka na namba vyote vimefutika. Kwa mkusanyaji amebakiwa na chuma kitupu.

Na kwa atakayeikuta sandukuni mwa babu: kumiliki silaha bila leseni ni kosa, hata ikiwa ni ya urithi. Usiifyatue kuijaribu, wala usizigonge risasi zake, kwani baruti kuukuu haiaminiki. Iache ilipo, uwaite polisi.