Baruti ya Schillings na giza la Uluguru

Kitabu cha Mjerumani Carl Georg Schillings kilitoka 1905, kikiwa na picha za simba na fisi wa nchi hii usiku. Aliwategea chambo, mnyama akigusa uzi, unga wa magnesiamu unalipuka, picha inanaswa. Vioo vizito walibeba wapagazi. Alikuwa na lenzi ya mbali pia, ila hiyo ilitaka jua.

Shida hiyo bado ipo Morogoro. Mikumi, hifadhi tangu 1964, kweupe: milimita 400 zinatosha. Panda Uluguru umtafute Malaconotus alius, ndege asiyepatikana kwingine duniani, anayejificha juu kabisa ya miti. Ukungu ukishuka, f/6.3 inakupa kivuli tu. Hapo bora 300 ya f/2.8, ghali kuliko bodaboda.