Mizani Nane: Kutoka Boston hadi Chekereni

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha, hakungoja shule wala mwalimu. Nyumba ilikuwa ndiyo chuo, mama ndiye mwalimu, na mizani nane za utenzi ndizo zilizolibeba somo. Ng'ambo ya bahari, tangu zaidi ya miaka mia mbili kabla yake, walowezi wa Kiingereza wa Massachusetts walikuwa wakiwalea watoto wao kwa njia isiyokuwa mbali sana na hiyo: zaburi zilizopangwa kwa mishororo ya hesabu, zikiimbwa nyumbani penye sala ya familia.

Mila hizo mbili zilikuja kukutana mbali na Pate na mbali na Boston. Mahali pamoja pa kuutazama mkutano huo ni Chekereni, katika tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi, penye mashamba ya mpunga yanywayo maji ya mito ya Rau na Njoro kwa mifereji ya mradi uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Huko Mchagga hukaa na Mpare na wengineo waliofuata ardhi na maji, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watoto wao. Mtoto wa kikristo wa tambarare hiyo hujifunza kuimba kabla ya kujua kusoma, kwanza mgongoni kwa mama, kisha katika sala ya jioni, kisha kwaya, ambako hufunzwa do, re, mi. Nyingi katika nyimbo hizo ni za Kimarekani, na aziimbaye aghalabu hajui.

Kitabu cha kwanza kuchapwa katika makoloni ya Waingereza ya Amerika ya Kaskazini kilikuwa cha zaburi za kuimbwa, mwaka 1640. Hakikuwa na nota hata moja. Nota ziliingia katika toleo la mwaka 1698. Kwa kuwa vitabu vilikuwa haba, kiongozi alitamka mshororo na jamaa wakaupokea kwa kuuimba. Aliyesoma chuoni pwani hana haja ya kuelezwa zaidi: mwalimu hutoa, wanafunzi hupokea. Lakini miaka ilipopita kila mmoja akawa anaimba apendavyo, hata masheha wa dini wa Boston, katika miaka ya 1720, wakalalamika kuwa hakuna tena mahadhi, ila kelele. Dawa yao ilikuwa madarasa ya jioni ya kuimba, ambako vijana walifunzwa sauti kwa majina manne tu: fa, sol, la, mi. Mwaka 1801 kikatoka kitabu kilichoipa kila sauti umbo lake, fa pembetatu, sol duara, la mraba, na mi mraba uliosimama kwa ncha, ili hata mtoto asiyejua nota aimbe kwa kutazama umbo. Hapana shaka hiyo ni moja ya hila nzuri kabisa zilizopata kubuniwa kwa ajili ya mwanafunzi mdogo.

Katika madarasa hayo ndimo alimotokea William Billings, mtengenezaji ngozi wa Boston, ambaye mwaka 1770 alitoa kitabu cha nyimbo alizozitunga zote mwenyewe. Muziki wake ni mkavu, wenye nguvu, na hauombi radhi kwa mtu. Lakini huo haukufika Kilimanjaro.

Kilichotangulia kufika kutoka Massachusetts kilikuwa kitambaa. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, na kuja kwa balozi Richard Waters wa Salem mwaka 1837, merikani ilishuka Unguja na kupanda bara pamoja na misafara. Pamba ya nguo zile ilichumwa na watumwa wa kusini ya Marekani, nao walikuwa na nyimbo zao, ambazo zilikuja kukusanywa kitabuni mwaka 1867, vita vya ukombozi wao vilipokwisha. Kwa hiyo nguo ilifika pasi na sauti ya aliyeichuma pamba yake.

Nyimbo zilikuja kwa njia ya kuzunguka. Lowell Mason, aliyeufanya muziki kuwa somo katika shule za umma za Boston mwaka 1838, aliona utunzi wa akina Billings kuwa wa kishamba, akautaka ulainishwe kwa kanuni za Ulaya. Ladha yake ndiyo iliyoshinda. Kisha Ira Sankey akavuka bahari pamoja na mhubiri Dwight Moody mwaka 1873, mwaka ule ule lilipofungwa soko la watumwa Unguja, na nyimbo za Kimarekani zikapendwa mno Uingereza. Wamisionari wa Kiingereza wakazitia katika mizigo yao ya kuja Afrika. Kilimanjaro kwenyewe walitangulia Waingereza, mwaka 1885, wakafuatwa na Wajerumani wa Leipzig mwaka 1893 na nyimbo zao nzito. Na Wajerumani walipoondolewa baada ya vita, Walutheri wa Marekani wakaja kushika nafasi zao katika miaka ya 1920.

Mpenzi wa ushairi wa pwani akikifungua kitabu kiitwacho Tenzi za Rohoni hukunja uso. Tenzi gani hizi zisizokuwa na vipande vinne vya mizani nane, wala kina cha bahari kinachofunga kila ubeti? Lawama hiyo ina haki, ila si yote. Kipimo kimoja kikuu cha zaburi za Kiingereza ni mishororo minne ya mizani nane, hesabu ile ile ya utenzi. Tofauti imo katika mkazo. Chukua maneno mepesi, "mtoto wa Chekereni": mizani nane kamili. Yakiimbwa kwa mahadhi ya zaburi zile, ambamo uzito huangukia mizani ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, uzito wa mwisho huikandamiza "ni", na jina la kijiji likawa si lake tena. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayelelewa kwa nyimbo za namna hiyo huzoea kuisikia lugha yake ikivunjwa shingo, naye akaona ndiyo heshima ya ibada.

Mahadhi yanayoanza kwa uzito hayana kosa hilo. Ule wimbo wa Yesu kuwa rafiki, uliotiwa sauti na Mmarekani Charles Converse mwaka 1868, una mshororo wa kwanza wa mizani nane ambao uzito wake wa mwisho huangukia ya saba, na ndiyo sababu mojawapo ya Kiswahili kuukalia vizuri. Mshororo wa pili wa Kiingereza una mizani saba. Mtafsiri akatia nane, nota ya mwisho ikagawanywa. Hapo lugha ndiyo iliyoushinda wimbo.

Kuna na jambo jingine ambalo mzazi hana budi kulisema. Maneno ya wimbo maarufu wa neema yalichapwa mwaka 1779 na John Newton, na mahadhi yake ya leo alipewa katika kitabu cha William Walker, cha nota za maumbo, mwaka 1835. Newton alikuwa nahodha wa majahazi ya watumwa, na aliendelea na kazi hiyo kwa miaka kadhaa baada ya kuongoka. Alikuja kuilaani hadharani mwaka 1788. Kumfundisha mtoto wa Afrika Mashariki wimbo huo na kumficha habari hiyo ni kumdhulumu. Aambiwe, kisha aimbe au anyamaze kwa hiari yake.

Msafara huo baadaye uligeuka. Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha Makumira, karibu na Arusha, alizikusanya nyimbo zilizotungwa na Watanzania kwa mahadhi ya kwao, akazitafsiri kwa Kiingereza. Miongoni mwazo ni wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, ambao umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006. Ni zamu ya Kiingereza sasa kuyafuata mahadhi yaliyotungiwa mkazo wa Kiswahili.