Mtoro na Aliyekombolewa

Katika mazungumzo yetu juu ya baraka za rohoni anazozitaja Mtume Paulo katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Waefeso, leo tumefika mstari wa 7, penye neno ukombozi. Mwenye Biblia na aifungue hapo, aiache wazi mapajani, kwa maana kwanza nataka twende Rabai.

Rabai iko juu ya vilima, nyuma ya Mombasa. Krapf na Rebmann walianza kazi ya Injili huko mwaka 1846, na kwa miaka mingi waliowasikiliza walikuwa wachache sana. Kijiji kilijaa baadaye, na waliokijaza hasa walikuwa watumwa. Wako waliotekwa kutoka majahazini na manowari za Kiingereza. Wengi wa hao waliwekwa Freretown, mji ulioanzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, pale panapoitwa Kengeleni hata leo kwa ajili ya kengele yake. Lakini wako wengine ambao hawakuletwa na manowari wala na mtu ye yote. Walitoka usiku katika mashamba ya mabwana zao, wakapita porini kwa miguu, wakafika kwenye misheni wakaomba mahali pa kukaa. Hawa waliitwa watoro.

Yatupasa kukumbuka sheria ilivyokuwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na watu wengi hudhani utumwa ulikwisha siku hiyo. La, sivyo. Mkataba ule ulipiga marufuku soko na kuwasafirisha watumwa baharini. Aliyekwisha kuwa shambani kwa bwana wake alibaki kuwa mali ya bwana wake.

Aliyekuwa akiwaongoza Wakristo wa Rabai siku hizo alikuwa William Jones. Yeye mwenyewe alikuwa ameonja utumwa utotoni, akaokolewa, akasomeshwa Bara Hindi, akarudi pwani yetu mwaka 1864. Na mwaka 1885 Askofu Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi. Nadhani mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuelezwa mtoro ni nani.

Sasa fikirini maisha ya mtoro. Amejenga kibanda. Amelima, amevuna. Jumapili anaketi kanisani na wenzake, labda anajifunza kusoma, labda amepata jina jipya kwa ubatizo. Ukimpita njiani ukamwona na jembe lake begani, utasema huyu ni mtu huru. Lakini mbwa wakibweka usiku anaamka. Akiona mgeni anapanda kilima kutoka upande wa Mombasa, anatazama kwanza njia ya kichakani. Kwa nini? Kwa sababu amemwacha bwana wake, lakini bwana wake hajamwacha yeye. Dai lingali liko. Miguu yake imefika mbali, bali jina lake lingali kwenye hesabu ya mtu mwingine.

Ndugu zangu, siwezi kuisoma habari hii bila kufikiri juu ya makanisa yetu. Wako wengi kati yetu ambao ni watoro wa dhambi. Waliacha pombe kwa nguvu zao, waliacha ugomvi, waliacha mambo ya aibu, nao wanastahili kupongezwa kwa kuacha. Lakini hawana amani. Kila jaribu likija wanasikia hatua za bwana wa zamani mlangoni, na mioyoni mwao wanaamini kwamba bado ana haki ya kuwachukua.

Turudi Rabai. Mwaka 1888 mambo yalichacha. Mabwana wa Pwani walikuwa wamechoka kuona watumwa wao wakikimbilia misheni, wakadai warudishwe, na ikaogopwa kwamba damu itamwagika. Wakati huo huo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imefika Mombasa, na mkuu wake, George Mackenzie, akatafuta mapatano: watumwa waandikwe, na mabwana walipwe. Zilipatikana pauni zipatazo 3,500, na pamoja na Kampuni walichanga watu wa misheni na serikali ya Uingereza. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro walianza mwaka kwa kupewa hati zao za uhuru. Pamoja na wale wa vituo vingine vya misheni walikuwa karibu 1,400.

Nawaombeni mtazame jambo moja. Siku iliyofuata, aliyekombolewa aliamka katika kibanda kile kile. Jembe lilikuwa lile lile, na mihogo haikuongezeka shambani. Hakuna aliyehama. Lakini dai lilikuwa limekwisha, kwa kuwa limelipwa. Mbwa wakibweka sasa, wanabweka tu.

Ndiyo maana Paulo analiweka neno hili kati ya baraka za rohoni. Wengine walioisikiliza barua yake walikuwa watumwa hasa, kama inavyoonekana katika sura ya 6, wala kusomewa barua hakukuwatoa nyumbani kwa mabwana zao. Lakini kwa habari ya dhambi waliambiwa kwamba bei imekwisha kutolewa, nayo ni damu. Sisi Waswahili tunalijua neno hili kwa mikono: mtu huweka kitu rehani, kisha hukikomboa. Hakikomboi kwa kukitamani, wala kwa kukichukua kwa siri. Hukikomboa kwa kulipa.

Hata hivyo mfano wa Rabai haufiki mwisho wa njia, nami sitaki kuuvuta kwa nguvu. Kampuni ilikuwa na mambo yake: ilitaka amani na mabwana wa Mombasa ili biashara yake isiharibike. Nayo fedha ilikwenda kwa mabwana. Wale waliolima miaka bila ujira hawakulipwa jasho lao. Biblia inatupa mkombozi wa namna nyingine. Katika Walawi 25, Mwisraeli aliyejiuza kwa mgeni kwa sababu ya umaskini alikombolewa na ndugu yake, ami yake au mtu wa jamaa yake. Mwenye kukomboa alikuwa mtu wa damu moja naye. Kwa hiyo someni pia Waebrania 2:14, mwone kwa nini ilimpasa Mwana wa Mungu kutwaa mwili kama wetu kabla ya kulipa, na kwamba alicholipa hakikutoka mfukoni.

Tena liko jambo la daftari. Baada ya malipo yale, misheni zilitakiwa zisipokee watoro tena. Aliyefika Rabai mwezi uliofuata, miguu imevimba, hakuwa na jina katika orodha, na katika pwani yetu hii sheria ya kukomesha utumwa haikutolewa mpaka mwaka 1907. Linganisheni na ahadi ya Bwana Yesu katika Yohana 6:37 kwa kila amjiaye.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na mstari wa 11, juu ya urithi. Bwana awe nanyi.